Wembe haupasui kuni: msitufutie somo la kunoa

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sijaandika kitu humu. Sababu mnazijua: testi tatu ndani ya wiki mbili, bumu limechelewa kama kawaida yake, na ile laptop niliyokuwa naazima mwenyewe kaichukua. Leo nimebahatika, nimekaa kimbweta cha nyuma kabisa, upepo upo, na nina jambo linanikera tangu wiki iliyopita. Ngoja nilitoe.

CR wetu alikuja darasani na hoja kutoka kitengoni. Kwenye somo la karakana la mwaka wa kwanza kuna wiki tatu za kunoa visu vya kukerezea kwa mkono, yaani unapewa kipande cha chuma cha haispidi, unakwenda kwenye grainda, unakitengeneza ncha mwenyewe, halafu unakikerezea. Sasa inapendekezwa hizo wiki tatu zifutwe. Sababu zilizotolewa ni kwamba viwanda vya siku hizi vinatumia inseti za kabaidi ambazo zinakuja zimeshachongwa tayari, kwamba grainda ni hatari, na kwamba muda huo ungetumika kwenye CNC. CR akauliza, wadau mnaonaje? Karibu darasa zima likapiga makofi.

Mimi sikupiga. Siyo kwamba napenda vumbi la grainda (shati langu jeupe lilikufa pale mwaka wa kwanza, naomba lipumzike kwa amani). Sikupiga kwa sababu ya shafti moja ya mashine ya kusaga unga, ambayo niliiharibu mimi kwa mikono yangu nikiwa PT, na sijawahi kuisimulia humu kwa aibu. Leo nasimulia.

Watu wa Sociology na Sheria msikimbie, naeleza taratibu. Lethi ni mashine inayozungusha chuma, na kisu kimesimama pembeni kinakichonga kikiwa kinazunguka, kama fundi seremala anavyokereza miguu ya kitanda, ila hapa ni chuma. Kinachotoka ni maranda ya chuma. Zamani kisu chenyewe kilikuwa kipande kizima cha chuma kigumu unachonoa mwenyewe. Siku hizi mara nyingi ni inseti, kidude kidogo cha kabaidi kinachofungwa kwa skrubu kwenye mshikio. Upande mmoja ukiisha makali unageuza mwingine, zikiisha zote unatupa.

Nilikuwa kwenye karakana moja hapa Dar, siitaji. Akaja mteja, mwenye mashine ya kusaga huko pembezoni mwa mji, shafti yake imelika sehemu inapokaa beringi. Beringi ilikuwa 6208, tundu lake milimita 40. Tukachukua chuma kipya, nikapewa mimi. Nikakereza vizuri, nikajisikia fundi. Nikapima kwa mikrometa: 40.05. Nilikuwa nataka 40.01, ili beringi iingie kwa kubana kidogo. Maana yake nimebakiza nne ya mia kwenye kipenyo, yaani kina cha kisu ni 0.02 tu. Rahisi, si ndiyo? Nikaweka 0.02, nikapitisha. Nikapima: 40.05. Uso unang'aa vizuri kama kioo lakini kipimo hakijashuka. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikaongeza 0.02 nyingine. 40.04. Nikakasirika, nikaongeza tena. Safari hii kisu kikauma kweli, na maranda yakatoka, nikafurahi... nikapima: 39.96.

Beringi ilivaa kama pete ya kuazima. Shafti ikawa chuma chakavu. Mwenye mashine akasubiri siku tatu nyingine chuma kingine kipatikane, na kule kwake akina mama wanarudi na ndoo za mahindi kichwani kwa sababu mashine imekufa. Yeye hakunitukana. Aliniangalia tu, akasema "haya mwanangu, bahati mbaya", na hiyo iliniuma kuliko matusi. Pesa ya chuma nilikatwa kwenye posho, sawa, nilistahili.

Kilichotokea nilikuja kuelezwa na mzee mmoja wa pale, fundi aliyeanza kazi kabla sijazaliwa. Nilimwamkia, nikamwambia mzee, kisu hiki ni kipya kabisa, nimekitoa kwenye boksi sasa hivi, kwa nini hakikati? Akacheka. Akasema, "Mwanangu, hicho kipya ndiyo tatizo. Hicho kiwandani wamekivunja makali makusudi."

Nilimuona mzee kapitwa na wakati. Nani anunue kisu kilichovunjwa makali? Lakini niliporudi chuo nikaenda kusoma, na mzee alikuwa sahihi kuliko desa langu. Inseti nyingi za kukerezea chuma cha kawaida hazina makali ya wembe. Ukingo unazungushwa kidogo, mviringo wa kama maikroni 20 mpaka 50 hivi. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70, kwa hiyo kwa macho huoni kitu, unaona ni kali tu. Lakini chuma kinaona! Unapotaka kisu kitoe utando mwembamba kuliko huo mviringo, chuma hakipandi juu ya uso wa kisu kwenda kuwa randa, kinapita chini yake. Kisu kinasugua, kinakandamiza, kinang'arisha. Shafti inasukumwa kidogo, mshikio unapinda kidogo, ukiongeza kina unalimbikiza deni, halafu ghafla kikipata pa kuuma kinakata deni lote kwa mkupuo. Ndiyo hiyo 39.96 yangu.

Mzee alichukua kipande cha haispidi, akaenda kwenye grainda dakika kama tano, akamalizia kwa kinoo chenye mafuta, taratibu kama mtu anayenoa kisu cha Idi. Akakifunga, akaweka 0.02. Yakatoka maranda laini kama nywele. Kipimo kikashuka vile vile alivyosema kitashuka. Nilibaki mdomo wazi.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu wa pili ulipoanza, na huu ndio unaonifanya niandike. Nikajiambia nimeshagundua siri: kali zaidi ni bora zaidi. Siku ya pili kuna shafti nyingine, hii ina mfereji wa kii umeshachongwa, na inatakiwa ipunguzwe kipenyo. Nikatafuta kwenye droo nikakuta inseti za alumini, zile zinazong'aa hazina rangi, ukingo wake mkali kweli kweli, ukiugusa vibaya unakuchana. Nikafunga. Nikawasha. Kila mzunguko kisu kikifika kwenye mfereji kinatoka hewani na kurudi kugonga ukuta wa chuma, tak tak tak tak. Haikumaliza hata sentimita moja ya urefu. Ukingo ukamomonyoka kama biskuti.

Yule mzee hakushangaa. Aliniuliza tu, "Wewe nyumbani kwenu kuni mnapasua kwa wembe?"

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka, wadau. Wembe ni mkali kuliko shoka lakini haupasui kuni, kwa sababu nyuma ya makali yake hakuna nyama. Shoka lina kabari nene. Kisu cha kukerezea ni hivyo hivyo. Chukua digrii 90, toa uwazi wa chini (ule unaozuia ubavu wa kisu usisugue kazi), toa mlalo wa uso wa juu ambako randa linapanda, kinachobaki ndiyo kabari yenyewe. Kisu cha haispidi cha chuma laini chenye uwazi wa digrii 8 na mlalo wa 14, kabari ni 68. Inakata kwa raha, nguvu ndogo. Inseti yenye ubavu uliosimama wima, ikilazwa kinyume digrii 6, kabari yake ni 90 kamili. Inataka nguvu zaidi na joto linapanda, ila inavumilia kugongwa. Tena hiyo nyama ya kabari ndiyo inayobeba joto kulitoa kwenye ncha. Ukiifanya nyembamba sana joto linakosa njia, linabaki pale pale linakula makali. Na kabaidi yenyewe ni ngumu lakini haipindi, ikizidiwa inavunjika. Haispidi inastahimili zaidi kuwa nyembamba.

Na chuma siyo kimoja. Alumini inataka mlalo mkubwa na makali ya kweli, ukiipa kisu butu inagandia kwenye ncha kama ugali kwenye sufuria, na kazi inatoka imechubuka. Shaba ya njano ni kinyume: ukiikata kwa kisu chenye mlalo mkubwa inakivuta kisu ndani, kinazama, kazi inaharibika. Mafundi wanaipiga bapa, mlalo sifuri. Chuma kilichochemshwa kikawa kigumu kinakatwa kwa visu ambavyo ukingo wake umepigwa pasi, umekatwa kiupande kidogo kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mtu asiyejua atasema hiki kimeharibika. Kumbe bila hivyo kingevunjika.

Mnaona sasa kwa nini napinga? Hoja yao kubwa ni kwamba inseti inakuja imeshachongwa, kwa hiyo mhandisi hana haja ya kujua kunoa. Lakini mimi yote mawili niliyoharibu niliyaharibu kwa INSETI! Kuchongwa kiwandani hakukunisaidia kitu, kwa sababu sikujua nini kimechongwa pale na kwa ajili ya nini. Kwenye namba za inseti kwa mpangilio wa ISO kuna nafasi ya herufi ya ukingo: F ni mkali, E ni uliozungushwa, T ni uliokatwa kiupande, S ni yote mawili. Herufi moja tu. Nilizipita mara mia bila kujiuliza. Na kwenye UE ya mwaka wa pili nilichora pembe zote za kisu na kuziandika majina, nikapata marks karibu zote. Yaani nilikuwa na alama nzuri na shafti mbovu.

Namba nyingine watu wanaipita hivi hivi ni ya pua. CNMG 120408, hiyo 08 ya mwisho ni mviringo wa pua ya kisu, milimita 0.8. Kuna hesabu moja fupi: chukua mwendo wa kisu kwa kila mzunguko, zidisha kwa wenyewe, gawa kwa mara nane ya mviringo wa pua, unapata kimo cha matuta yatakayobaki juu ya kazi. Kwa mwendo wa 0.2 na pua ya 0.4 unapata maikroni 12.5. Weka pua ya 0.8, mwendo ule ule, inakuwa 6.25. Nusu! Hujagusa spidi wala mafuta. Basi mtu akisikia hivyo anakimbilia pua kubwa. Nilifanya hivyo pia (ndiyo, mimi tena), shafti ndefu nyembamba, pua ya 1.2, mashine nzima ikaanza kulia kama pikipiki yenye ekzosi mbovu, kazi ikatoka na mawimbi. Pua kubwa inasukuma kazi pembeni, na shafti nyembamba haina ubavu wa kukataa. Lakini hili la pua tuliache, nitaliandikia siku yake.

Sasa niwe mkweli, upande wa pili wana hoja, na moja yao ina babu mkubwa. Frederick Taylor, yule Mmarekani ambaye watu wa Management wanamsoma kwa mambo ya saa na wafanyakazi, alikuwa mtu wa lethi kwanza. Alianza majaribio ya kukata chuma Philadelphia mwaka 1880, akayaendesha kwa miaka 26, akayatoa hadharani Desemba 1906. Majaribio yaliyoandikwa ni kati ya 30,000 na 50,000, na chuma kilichogeuzwa maranda ni zaidi ya pauni 800,000, yaani kama tani 360. Jamani, tani 360 kwa kutafuta tu kisu kikae vipi na kikate vipi! Umbo la kisu na pembe zake lilikuwa moja ya mambo aliyoyachimba kwa muda mrefu. Na uamuzi wake ulikuwa upi? Kwamba kila fundi asinoe kisu chake anavyojua yeye. Visu vinolewe sehemu moja, kwa mfano mmoja. Kwa hiyo anayesema "mtu wa mashine asinoe" hajaropoka, anarudia neno la Taylor.

Kwa kiwanda nakubaliana naye asilimia mia. Mkono hauwezi kurudia maikroni 30 zile zile mara elfu, hata wa yule mzee. Ukiwa unatengeneza vipande elfu kumi hutaki kila kisu kiwe na tabia yake. Ila Taylor alikuwa anapanga kiwanda, hakuwa anapanga darasa. Na yeye mwenyewe alijua kwa sababu alishanoa na kukata na kupima miaka yote hiyo. Mtu wa kuchagua umbo lazima awe ameonja tofauti yake. Sisi tunataka kuruka hatua ya kuonja tukafikie hatua ya kuchagua.

Halafu hiyo CNC wanayoisema. Nimeigusa, ni nzuri sana, sina ugomvi nayo. Lakini kosa langu la 0.02 kwenye CNC lingekuwa baya zaidi, kwa sababu unaandika tarakimu kwenye skrini na mashine inatii, inasogea 0.02 sawasawa, na ukingo unasugua vile vile. Kwenye lethi ya mkono angalau unasikia sauti imebadilika na unaona hakuna maranda. Kwenye CNC mlango umefungwa, maji ya kupozea yanamwagika, wewe umekaa unachati.

Tena tusijidanganye kwamba nchi nzima imeshahamia kwenye inseti. Nenda Gerezani kaangalie. Visu vya haispidi vinanolewa mpaka vinabaki kama penseli iliyoisha. Na inseti zikipatikana mara nyingi zinauzwa moja moja bila boksi, hujui herufi yake wala ni ya chuma gani. Hapo unaijua kwa kuangalia ukingo kwenye mwanga na kuupitisha kwenye ukucha. Ukimpeleka pale mhandisi mwenye degree asiyejua ukingo wa alumini na ukingo wa chuma, mafundi watamcheka, na watakuwa na haki.

La hatari nalichukulia serious. Grainda siyo mchezo, jiwe likipasuka linaua. Lakini dawa yake inajulikana: kinga ya jiwe iwepo, miwani, pengo kati ya meza ndogo na jiwe lisizidi kama milimita tatu ili kisu kisivutwe ndani, usivae glavu, usinolee alumini pale maana inaziba jiwe. Tatizo la kwetu ni watu arobaini kwa grainda mbili na fundi msimamizi mmoja, hapo hata kukata vitunguu kungekuwa hatari. Wagawe makundi ya watano watano.

Pendekezo langu nimempa CR kwa maandishi. Wiki tatu nakubali ni nyingi, ya tatu tulikuwa tunapiga soga. Wapunguze ziwe mbili. Ya kwanza kila mtu anoe kisu chake kimoja cha haispidi. Ya pili kila kundi lipewe bomba moja la chuma lenye mfereji na kipande kimoja cha alumini, na kingo tatu: kali, iliyozungushwa, iliyokatwa kiupande. Wakate kina kikubwa, wakate 0.02, wapime kwa mikrometa, waandike walichokiona. Inseti tatu zikivunjika ni hasara ndogo kuliko shafti ya mtu.

CR kasema atalipeleka ila hana uhakika, maana darasa lilishapiga makofi. Kikao ni Alhamisi saa nane mchana. Nimeshaongea na jamaa wanne, wawili wamegeuka, mmoja anasema nimelogwa na yule mzee wa PT. Kama uko mwaka wa kwanza na unataka kuona mwenyewe kabla hujatoa maoni, kesho jioni nipo karakana, fundi msimamizi kakubali kutuachia lethi ndogo mpaka saa kumi na mbili. Kinoo ninacho. Haispidi ninazo mbili tu, kwa hiyo wahini.